Kiti cha Mkalimani: Maisha ya Mzee Yohanes Sulle (1948–2024)

Marehemu mzee Yohanes Sulle alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Daudi, wilayani Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Sulle na mama Efrazia. Alianza shule hapo Daudi, akaendelea Mbulu mjini, na mwaka 1969 alihitimu ualimu.

Mwaka uliofuata alipelekwa Nachingwea kufundisha kambini kwa wapigania uhuru wa Msumbiji. Huko alijifunza Kireno pamoja na mwalimu mwenzake, Abdulrahim Tawakali, kijana wa wenye maduka wa Katesh. Yohanes alikariri kamusi. Abdulrahim alijifunza kwa kupiga soga. Kwenye mitihani Yohanes aliongoza, lakini aliyependwa na watu ni Abdulrahim, na jambo hilo lilimchoma kuliko alivyotaka kukiri.

Januari 1979, vita vya Kagera vikiwa vimepamba moto, wote wawili waliitwa Mwanza, ambako viongozi wetu walikutana na wajumbe wa nchi rafiki iliyotaka kutuletea askari. Abdulrahim alipewa kiti cha mkalimani, katikati ya wakubwa. Yohanes aliwekwa ukutani kuandika kumbukumbu. Aliona wivu.

Mkuu wa wageni alisema askari wake watamtii kamanda wao “até” mstari wa mbele. Neno hilo la Kireno huweza kuwa “mpaka”, na huweza kuwa “hata”. Mgeni alimaanisha mpaka wafike, kisha wawe chini ya amri yetu. Abdulrahim akatafsiri: hata wakiwa mstari wa mbele. Kiongozi wetu akafunga jalada, akasema vitani hapawezi kuwa na amri mbili. Wageni wakanuna, kikao kikavunjika.

Yohanes alikuwa amelisikia kosa. Alinyamaza, na moyoni akafurahi. Nusu saa nzima alikunywa chai akimtazama mwenzake akihangaika, hadi aliposikia wageni wakiagiza magari yao. Ndipo akamfuata.

“Ndugu Abdulrahim, alisema mpaka. Hakusema hata.”

Abdulrahim alirudi ndani, akakiri kosa mbele ya wote na kumtaja aliyemsahihisha. Mazungumzo yakaendelea, askari wakaja. Lakini wakubwa walimpa mkono Abdulrahim kwa uungwana wake. Yohanes hakusemeshana naye miaka miwili.

Mwaka 1981 marehemu alifunga ndoa na Marieta Joseph wa Dongobesh. Abdulrahim alifika bila kualikwa, akivuta ndama wa zawadi, akawachekesha wakwe wote. Bwana harusi alimnong'oneza mkewe kwamba sasa hata harusi ameporwa. Marieta akamwambia aende akamshukuru mgeni. Alikwenda. Baada ya hapo alifundisha Mbulu hadi alipostaafu mwaka 2008.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Kila mwezi Abdulrahim alitoka Katesh kuja kumwona. Juni mwaka huu, mbele ya binti yake Helena, marehemu alimweleza juu ya ile nusu saa.

“Nilijua,” Abdulrahim alisema. “Nami nimekuonea wivu miaka yote. Kiti nilipewa mimi, lakini masikio ulikuwa nayo wewe.”

Marehemu alicheka, kisha akamwomba arudie, safari hii kwa Kireno.

Alifariki nyumbani tarehe 3 Agosti 2024, asubuhi. Ameacha mjane, watoto wanne, Helena, Severine, Yonas na Raheli, na wajukuu tisa. Jana mzee Abdulrahim aliomba jina lake liandikwe kati ya wafiwa. Tumeliandika.

Bwana ampokee Yohanes, ampe pumziko lenye amani.