Bi. Norma Brekke Anaiaga Kaunta ya Risasi

Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, saa kumi na moja jioni, Bi. Norma Brekke atavua aproni yake ya kijani na kuitundika kwenye msumari ulio nyuma ya kaunta ya risasi, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba 1993 hatakuja kuivaa tena Jumatatu. Amelitumikia Duka la Ushirika wa Wafugaji wa Sutter Draw kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Katika muda huo amefanya kazi chini ya mameneja watano, na wote watano aliwafundisha kazi yeye.

Mwandishi wa wasifu huu ni Dale Hutchens wa idara ya malisho. Nimepewa kalamu kwa sababu meza yangu na kaunta yake zimetazamana kwa miaka kumi na minne. Tena kuna siku moja katika utumishi wake ambayo nisipoieleza mimi hakuna atakayeieleza, maana mwenyewe hapendi kuitaja.

Aliajiriwa kama keshia wa msimu wa Krismasi. Februari iliyofuata, mzee aliyekuwa akisimamia kaunta ya risasi alihamia Arizona kwa binti yake kukimbia baridi, na meneja akamwomba Norma akae pale wiki mbili tu mpaka apatikane mtu. Mtu huyo hajapatikana mpaka leo.

Kaunta yenyewe mnaijua. Ni ya wale wanaojitengenezea risasi nyumbani: huokota maganda waliyokwisha kuyatumia, huweka fataki mpya ya kuwashia, hupima baruti, kisha hubana kichwa kipya juu yake, yaani ile ncha inayoruka. Wengi wao wanajaza risasi za bunduki ndogo za kuwindia koyoti, mbweha wa huku kwetu, wanaokula wanakondoo wetu kila masika. Norma alipoanza hakujua lolote kuhusu mambo hayo, na wateja walijua kwamba hajui.

"Mwenyewe yuko wapi?" waliuliza wakiingia.

"Mwenyewe ni mimi."

"Nauliza mwenyewe wa risasi."

"Ndiye huyo huyo. Sema shida yako."

Akaamua kujifunza kutoka kwao bila wao kujua. Kila aliyenunua boksi la vichwa alipewa sharti moja: arudi aeleze yaliyotokea. Bunduki ya aina gani, mtutu wa mwaka gani, upepo ulivumaje, koyoti alianguka au alikimbia, na ngozi ilibaki na tundu dogo au ilichanika kama shati bovu. Yote aliyaandika. Leo ana madaftari kumi na saba, na tumeshuhudia wanaume wazima wakisimama foleni kusomewa yale waliyoyasema wenyewe mwaka 1998.

Kutokana na madaftari hayo alipata maswali yake matatu, ambayo kila mgeni lazima ayajibu kabla hajaonyeshwa boksi lolote. Bunduki yako ina umri gani? Unapigia bondeni au juu kwenye upepo? Unataka kuuza ngozi, au unataka tu kondoo wako walale salama? Anayetaka ngozi humpa kichwa chepesi chenye koti jembamba la shaba, kinachoingia na kuvunjikia ndani bila kutokea upande wa pili. Anayelinda kondoo juu ya mgongo wa mlima, ambako upepo haupumziki, humpa kizito kidogo kisichoyumbishwa. Mwenye bunduki ya zamani humkataza vichwa virefu hata akilia, kwa sababu mifereji ya mtutu wa zamani haina msokoto wa kutosha wa kuvizungusha.

Bwana Orville Dietz hakulia, ila alikasirika. Alikuwa na bunduki ya babu yake na alikuwa ameona picha ya kichwa kirefu kwenye jarida.

"Norma, mimi nimeanza kuwinda kabla hujazaliwa."

"Na mtutu huo umeanza kabla yako, Orville. Hautavishika."

"Niuzie."

Akamuuzia. Baada ya siku tatu Orville alirudi na kipande cha karatasi ya shabaha, akakiweka juu ya kaunta. Matundu yote yalikuwa marefu kama ya ufunguo. Kila kichwa kilikuwa kimefika ubavu-ubavu. Norma alikitazama, akachukua pini, akakibandika ukutani. Kipo pale mpaka leo, na Orville huwaonyesha wageni mwenyewe.

Sasa ile siku.

Ilikuwa Aprili ya 2019, katikati ya msimu wa kuzaa kondoo. Norma ana desturi ya kupima: kila katoni mpya ikifunguliwa, hutoa vichwa vitano na kuviweka kimoja kimoja kwenye mizani yake ndogo kabla ya kuuza hata boksi moja. Tulikuwa tukimtania. Mimi hasa nilikuwa nikimwuliza kama anauza risasi au dhahabu. Asubuhi hiyo alikwenda kwa daktari wa meno akaniachia kaunta. Katoni mpya ilifika saa tatu. Nikaifungua, nikapanga maboksi kwenye rafu, nikaona mizani, nikaiacha palepale ilipo.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Maite Etchepare. Babake, Martin, alikuwa ameumia nyonga, kwa hiyo Maite ndiye aliyekuwa akiendesha zizi lao lote, na majira ya baridi yaliyotangulia Norma alikuwa amemfundisha kujaza risasi za bunduki ndogo ya familia. Koyoti walikuwa wamemchukulia wanakondoo watatu jana yake. Alitaka vichwa vyake vya kawaida, vya uzito wa greni hamsini, kipimo tunachopimia vichwa. Nikampa boksi lenye lebo ya hamsini. Akaondoka mbio.

Norma alirudi saa nane kasoro, shavu limevimba, nusu ya mdomo imekufa ganzi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuiendea katoni. Niliona akiweka kichwa kwenye mizani. Akakitoa, akaweka kingine. Akaweka cha tatu. Kisha akanigeukia, akaninyooshea vidole sita.

Lebo ilisema hamsini. Ndani vilikuwa vya sitini. Huko kiwandani mtu alikuwa amechanganya.

Kwa wasiojua kazi hii, niseme tu kwamba kipimo cha baruti kilichokusudiwa kichwa chepesi kikiwekwa chini ya kizito, bunduki inaweza kupasuka. Na uso wa mpigaji unakuwa umelala juu yake.

Hakuuliza mwuzaji ni nani, maana alimjua. Aliuliza, ganzi ikimgeuzia "p" kuwa "f", "Umemfa nani?"

"Maite," nikasema.

Tulipiga simu mara sita. Haikupokelewa, kule juu kwao mtandao hauendi zaidi ya lango la ng'ombe. Nikachukua gari la kupelekea malisho, tukaondoka. Maili arobaini, kumi na mbili za mwisho zikiwa tope tupu. Norma hakunilaumu hata kwa neno moja njia nzima. Afadhali angenilaumu. Alishika mapajani boksi la vichwa vya hamsini halisi kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mayai.

Nyumbani tulimkuta Martin peke yake jikoni na gongo lake. Juu ya meza kulikuwa na mizani, kopo la baruti na boksi nililoliuza, limefunguliwa.

"Binti yako yuko wapi?" nikauliza.

"Kapanda na bunduki kwenye malisho ya juu. Amejaza risasi ishirini wakati wa chakula cha mchana. Anasema leo koyoti hawampati mwanakondoo hata mmoja. Vipi, Dale? Mbona umepauka?"

Nilimweleza nikiwa tayari mlangoni. Mzee yule alijaribu kusimama, akashindwa, akapiga meza kwa ngumi. "Basi nendeni! Mnasimama nini!"

Tulikuwa hatujafika nusu ya mlima tuliposikia mlio. Mmoja tu, mkavu, kutoka nyuma ya kilima. Nikafunga breki bila kujua kwa nini. Norma alinipiga begani kwa nguvu, akaonyesha mbele, na nikakanyaga mafuta tena. Sitaeleza nilichofikiri kwenye ile dakika. Mwenye watoto anajua.

Tulipopita kilima tulimwona mchungaji wao, Eleuterio, kutoka Peru, amesimama juu ya jiwe na bunduki yake ya marisau imeelekea mawinguni. Alikuwa amewatisha koyoti wawili waliokuwa wakinyemelea. Na Maite alikuwa chini kwenye majani, amepiga magoti nyuma ya kondoo jike, mkono mmoja umezama ndani mpaka kiwiko.

Norma aliruka kabla sijasimamisha gari. Wakati huo alikuwa na miaka sitini na moja.

"Umefiga?" alipiga kelele akikimbia. Mdomo ulikuwa bado umekufa ganzi. "Maite! Umefiga?"

"Nimefika tangu saa saba!" Maite akajibu, macho yake kwa kondoo. "Mwana amekwama, miguu ya nyuma imetangulia. Norma, una nini mdomoni?"

"Bunduki! Umeifiga?"

"Sijaigusa. Iko garini. Nishikie kichwa cha huyu."

Norma akamshika kondoo kichwa. Mimi nilikwenda kwenye gari la Maite, nikaikuta bunduki katika ala yake, nikatoa risasi mfukoni mwa ala, nikazihesabu juu ya kofia yangu. Zilikuwa ishirini. Nilihesabu tena. Ishirini. Nikazihesabu kwa sauti mara ya tatu ili Norma asikie, na niliporudi mwanakondoo alikuwa amekwisha kutoka, ananyoosha shingo, na Bi. Norma Brekke ameketi kwenye tope na sketi yake ya kwendea kwa daktari, anacheka na kulia kwa upande mmoja wa mdomo. Ndipo Maite akaelezwa. Aliitazama bunduki, akatutazama sisi, akaketi kwenye tope naye.

Jioni ile tulirudi jikoni kwa Martin. Norma na Maite walizifumua zile risasi ishirini moja baada ya nyingine, wakazijaza upya kwa vichwa vya hamsini ambavyo Norma alikuwa amevileta kutoka katoni ya zamani, akiwa amevipima vyote. Martin alipika mchuzi wa kondoo na maharage na vitunguu saumu vingi kupita kiasi. Norma alikula akijing'ata shavu. Siku tatu baadaye wale koyoti wawili walikuwa wamekwisha, na zizi la Etchepare halikupoteza mwanakondoo mwingine masika hayo.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia kwamba nitamweleza meneja mwenyewe, na kama atanifukuza ni sawa.

"Mweleze," akasema. Ganzi ilikuwa imeanza kumtoka. "Halafu kesho saa moja njoo kaunta, nikufundishe mizani. Usichelewe."

Alipiga simu kiwandani, maboksi yote yaliyotengenezwa pamoja na katoni ile yakarudishwa kutoka maduka ya majimbo manne. Kiwanda kilimwandikia barua ya shukrani. Aliitumia kuegemeza mguu wa meza uliopungua.

Kuanzia Jumatatu, kaunta itakuwa chini ya Maite Etchepare, siku tatu kwa wiki, sasa kwa kuwa Martin amepona na ndugu yake amerudi kusaidia zizi. Mimi nitashika siku zilizobaki. Nimefanya mtihani wa mizani mbele ya Norma mara mbili. Wa kwanza nilifeli.

Wiki iliyopita tulimwuliza anataka zawadi gani. Alisema hataki saa wala keki. Akasema kwa miaka thelathini na moja, kila akifunga duka, alikuwa akiwapitia kichwani wateja wote wa siku hiyo, nani kachukua nini, na kama kuna yeyote ambaye yeye alimkosea. "Sasa nitaacha," akasema. "Kila aliyenunua kwangu bado ana macho mawili na vidole kumi. Isipokuwa yule bwana wa Lodge Creek, na vyake vilichukuliwa na mashine ya kufunga nyasi." Kisha akavuta pumzi ndefu, akaishusha, na mabega yake yakashuka nayo. Sikuwahi kuyaona yakiwa chini kiasi kile.

Bi. Norma, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ushirika, na kwa niaba ya vidole vyetu vyote, asante. Nenda kapumzike na moyo mweupe. Tunakutakia afya, jua la kutosha, na usingizi usio na orodha ya mtu yeyote ndani yake.