Uyoga wa Chumba cha Uani

Fundi viatu alifumba macho kitini na kukoroma kama aliyelala, maana umbea wa basini hauliwi macho yakiwa wazi.

"Nilichemsha mabua mwenyewe, nikapanda mbegu za uyoga mifukoni, kwenye chumba cha uani," dada wa mbele yake alikuwa akimweleza mama asiyemjua. "Ule utando mweupe ulipoenea, mama mkwe akadhani ni ukungu. Kapasua mifuko yote, kaimwagia dawa ya choo! Eti kanisaidia usafi."

"Ulimwambia kwamba utando ndio uyoga wenyewe?" mama akauliza.

"Si angeuliza?"

"Angeuliza vipi, mwanangu, na chumba chenyewe ulimkataza asikikanyage?"

"Nani kakwambia nilimkataza?"

"Nyinyi wake wa wana wetu mnafanana."

Fundi alisahau kukoroma.

"Kwa hiyo mimi ndiye mbaya? Nimemwambia aende kwa bintiye, naye kaenda."

"Kaenda, au umemfukuza?"

Dada akageukia dirisha. Basi likasimama. Mama akashuka taratibu bila kuaga, na kondakta akamteremshia mizigo yake: sufuria mbili, na godoro lililofungwa kamba.