Lenzi ya Marehemu Mzee Abdulatifu

Kijiwe chetu kiko njia ya stesheni, mbele ya studio ya Lukumani, na mwenyekiti ni mimi, ingawa uchaguzi haujawahi kufanyika. Asubuhi ile Lukumani hakuwa na raha. Kamera yake ya dijitali, kuukuu hadi imefungwa mpira wa baiskeli, lenzi yake ilikuwa imekufa. Akaipachika lenzi ya marehemu baba yake, ya chuma, isiyojilenga yenyewe: mpaka uzungushe pete kwa mkono. Saa nne Mama Adelina angekuja kuona picha ya majaribio. Ikiwa na ukungu, harusi ya bintiye anapewa mpiga picha mwingine.

Alishatupiga mara sita. Mara zote sisi moshi mtupu, birika la kahawa nyuma yetu linaonekana wazi hadi kibonyeo chake.

— Birika linakupenda, Luku, akasema Benjamini, muuza asali wa Ntalikwa.

— Tulieni basi, nizungushe pete!

— Tumetulia, akajibu Alois, huku kasimama. Tunamwita Injinia, aliwahi kutengeneza redio moja, haijalia tena. — Lenzi hiyo imezoea watu wa zamani. Sisi haitujui.

— Na birika? akauliza Lukumani.

— Birika ni la zamani.

— Wapi! akadakia Benjamini. Kioo kimeshiba sura. Mzee Abdulatifu kapiga mji mzima, mtaa wa Kitete wote. Zikamuliwe kwanza, kama masega.

Nikaona wananajisi elimu.

— Nyie watoto! Lenzi hiyo ilitoka Ujiji na msafara, kichwani kwa babu yangu. Miezi mitatu inatazama visogo. Ipeni visogo!

Tukageuka. Akapiga. Visogo moshi, birika linang'aa.

— Kaka mwenyekiti, unageuka huku unahutubia kwa mikono! Lukumani akalalama, karibu kulia.

Mama Adelina akatokea.

— Shikamoo, mama!

— Marahaba.

Akazitazama picha zote saba, polepole.

— Birika zuri. Ila binti yangu haolewi na birika. Akatugeukia. — Hivi, nani kati yenu anaweza kukaa kimya, bila kutikisika, mpaka kijana huyu amalize kuzungusha?

Injinia akafungua mdomo, akaufunga. Benjamini akatazama viatu vyake. Mimi, mtu wa majibu matatu kwa kila swali, sikupata hata moja.

Kacha!

Lukumani akageuza kamera tuone. Ndevu za Benjamini ungezihesabu. Nyuma yetu, birika likawa moshi.

— Jumamosi saa tatu, kanisani, akasema Mama Adelina. Na hawa usije nao.

Shati la kuendea harusini nilikuwa nimeshalipiga pasi.