Vaileth Yuko Barabarani, Sie Tuko Benchi

Kijiwe chetu kipo Tegeta, pale njia ya vumbi inapopanda lami, pembeni ya karakana ya madirisha ya alumini. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali. Wa mwisho akinyanyuka bila kuaga, wa upande wa pili anajikuta kwenye vumbi. Kahawa anatuuzia Ismail, birika lake halipoi, na maneno yake hayapungui. Wenyeji ni wanne. Kuna Ansbert, tunamwita Stika, wakala wa bima za magari, suruali ina mstari wa pasi mpaka Jumapili. Kuna Albano, mtu wa Mtwara, mchonga vinyago pale Mwenge, tunamwita Methali kwa sababu anazo zote ila hajui hata moja inakaa wapi. Kuna Mzee Theonest, karani, Mhaya wa heshima, mwenye kigari cha Passo, cha bluu. Na kuna mie, Turbo. Jina nilijipa mwenyewe, sijaona aliyepinga. Shule niliiacha kidato cha pili. Kichwa kilishajaa, nikaogopa kitamwagika. Kijiwe kina sheria moja tu: mtu wetu akiwa hapatikani, tunampigia wote, zamu kwa zamu, kama tunavyochangia msiba.

Jumamosi hiyo alasiri Mzee Theonest alikuja kwa miguu. Simu mkononi, macho kwenye lami.

— Shikamoo mzee, nikamwambia. Leo Passo imekutaliki?

— Marahaba. Vaileth kaichukua.

Vaileth ni binti yake wa kwanza, miaka kumi na tisa, leseni yake bado ina joto la mashine. Bibi yake kalazwa Mwananyamala, mama yake ndiye anayeuguza, basi mtoto kaambiwa apeleke uji na shuka za kubadilisha.

— Kaenda na nani? Stika akauliza.

— Peke yake. Ndiyo mara ya kwanza. Mama yake anasema kaondoka hospitali kitambo. Mie napiga, inaita tu.

— Simu kuita ni dalili nzuri, mzee.

— Inategemea, nikasema. Gari ikipinduka, simu haipinduki. Yenyewe inaendelea kuita huko huko mtaroni.

Mzee Theonest akaniangalia kama mtu anayetafuta fimbo. Nikanywa kahawa. Mie huwa natania hata nikiwa na hofu, ndivyo nilivyoumbwa.

Stika akaweka kikombe chini taratibu, kama yuko kwa wafiwa.

— Mzee, nikukumbushe. Gari ina bima gani?

— Si unajua. Ndogo.

— Najua, nilitaka wenzetu wasikie. Bima ndogo maana yake binti akimgonga mtu, kampuni inamlipa yule mtu. Passo inabaki yako na kilio chako.

— Nilikuja ofisini kwako kuulizia kubwa.

— Ulikuja. Nikakuuliza nani ataendesha, ukasema wewe na binti. Nikakuuliza binti ana miaka mingapi.

— Nikakwambia.

— Hapo ndipo bei ilipovua viatu ikaanza kupanda ukuta. Siyo mie, mzee. Kampuni haimjui Vaileth. Inajua umri wake tu, na huo umri umeshawalia hela nyingi.

— Mie namjua, Mzee Theonest akasema. Huyu mtoto mpaka leo anaomba ruhusa ya kufungua friji.

— Sasa hela ya bima kubwa ulifanyia nini? nikamuuliza.

Aliangalia karakana ya fundi kama imemkosea.

— Madirisha ya sebuleni. Mama Vaileth alichoka na turubai. Na tangu mchana nimekaa nyuma ya hayo madirisha naangalia njia. Nikaona nije nikae karibu na barabara.

Methali akaona ndiyo nafasi yake.

— Mzee, usiogope. Mwenda pole hajikwai.

— Kweli, Albano. Mtoto anaendesha polepole. Mwalimu wake wa udereva alisema hivyo hivyo.

— Eeh. Hajikwai. Anagongwa nyuma.

— Methali, nikamwambia, wewe ukienda kutoa pole msibani, marehemu anajuta kwa nini kafa wewe ukiwa hai.

— Ndiyo ukweli. Na tena wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sasa Barabara ya Bagamoyo ndiyo ulimwengu. Iache imfundishe.

— Ndiyo maana namuuliza kuhusu bima, Stika akadakia.

— Bima ya nini? Ajali haina kinga. Si ndiyo methali yenyewe? Sasa wewe unauza kitu ambacho wahenga walishasema hakipo.

Mzee Theonest akapiga simu tena. Sote tukaisikia ikiita, ndefu, mpaka ikakata yenyewe.

— Zamu yangu, Stika akasema. Nitajie namba.

Akatajiwa. Kapiga, hola, haipokelewi. Methali akapiga na kisimu chake cha tochi, hola. Mie nikapiga mara mbili, maana kifurushi changu cha dakika kilikuwa kinaisha jioni ile. Hola. Ismail naye akaomba namba, akawa anamimina kwa mkono mmoja, simu kaibana kwa bega.

— Huenda kaporwa simu kwenye mataa, Stika akasema. Kijana mgeni wa usukani hafungi kioo. Na simu bima yangu haihusiki nayo.

— Au kasimamishwa na trafiki, nikasema. Mgeni unamjua kwa jinsi anavyoshika usukani, kama kashika sufuria la moto. Mie wakati naanza kuendesha Fuso, trafiki walikuwa wananipigia saluti wakidhani natoka jeshini.

— Ulikuwa na miaka mingapi? Stika akauliza.

— Kumi na sita.

— Na leseni?

— Nilikuwa na kipaji.

Hapo ndipo bodaboda mmoja wa kituo cha jirani aliposimama kunywa kahawa, hata kofia hakuvua.

— Kama kuna mtu anapokea mgeni wa kutoka mjini, amwambie apite njia ya ndani. Afrikana kumefunga. Lori la mchanga na kigari kidogo.

— Kigari gani? Mzee Theonest akauliza.

— Sikukiona vizuri, mzee. Watu wamejaa.

— Rangi?

— Sijui rangi. Niliona mlango tu, uko chini.

Mzee akasimama ghafla. Ubao ukanyanyuka upande wake, Methali akaishia kwenye vumbi na kikombe chake. Siku nyingine tungecheka mpaka magharibi. Siku hiyo Methali mwenyewe alijifuta makalio kimya kimya akarudi kukaa.

— Naenda Afrikana, Mzee Theonest akasema.

— Utaenda na nini, mzee? Gari si analo yeye? Kaa, Stika akamshika mkono. Vigari vidogo Dar hii ni vingi kama kuku. Tuongee mambo ya kusaidia. Kuanzia kesho tunamlindaje huyu mtoto?

— Akirudi, Mzee Theonest akasema.

— Akirudi, ndiyo.

Akakaa. Bodaboda akaondoka. Nikaona mzee wetu anakunja na kukunjua kona ya shati lake, na mie siwezagi kumwona mtu mzima katika hali ile, nikaanza kuropoka.

— Dawa ni kuandika nyuma ya gari. Ile L ya wanafunzi haisaidii. Watu wakiiona wanapiga honi zaidi, wanaona kuna mtu wa kuonea. Andika MGONJWA NDANI. Nani atampigia honi mgonjwa?

— Watamuuliza mgonjwa yuko wapi, Stika akasema.

— Ndiyo maana nasema, madereva wanamwonea kwa sababu yuko peke yake. Binti mdogo, kiti cha pembeni kitupu. Kingekuwa na mzee amekaa pale kakunja uso, nani angemsogelea?

Methali akainua kichwa.

— Huyo mzee naweza kumchonga.

— Kumchonga vipi?

— Kichwa na mabega. Siyo kwa mpingo, mpingo mzito, utakula mafuta. Kwa mninga. Mjeshi mstaafu, masharubu, jicho moja kali zaidi ya lingine. Tunamvalisha koti, tunamfunga mkanda. Dereva wa lori akichungulia, anakutana na lile jicho.

— Na kofia, nikasema.

— Kofia nachonga humo humo. Haitadondoka kwenye matuta.

— Lakini muelewe, Stika akasema, na nawaapia hakuwa anatania, huyo mjeshi akivunjika pua kwenye ajali, bima ndogo haimtambui kama abiria.

— Basi ni mzigo, nikasema.

— Mzigo nao haulipiwi.

Nilitegemea Mzee Theonest atukane. Mzee wa kanisa, mtu wa kuandika mahesabu kwa kalamu mbili. Akamgeukia Methali, uso mkavu kabisa.

— Utamchonga kwa muda gani?

Hapo nikajua hali ni mbaya.

— Wiki, mzee. Kwa ajili yako.

— Fanya.

Akapiga tena. Inaita. Stika akapiga. Mie nikapiga. Methali akasema tupige kwa kufuatana bila kupumzika, maana haba na haba hujaza kibaba. Mtoto akiona namba nyingi atajua jambo ni zito, atapokea. Mara hii methali ilikaa vizuri mahali pake, tukafuata. Ikawa wa kwanza akikata, wa pili anapiga, wa pili akikata, wa tatu yuko tayari. Benchi zima limeinamisha vichwa, utadhani tunasali.

Mama mmoja akashuka kwenye bajaji, kajitanda mtandio wa kijani, mgeni wa mtaa ule. Alitaka kashata. Ismail akamwonyesha kidole asubiri, simu begani.

— Habari zenu, mama akasema. Kuna msiba?

— Bado, Methali akajibu.

Stika akamweleza yote: binti, Mwananyamala, Passo, lori la Afrikana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kashata zake kashafungiwa kwenye gazeti.

— Pole, baba, akamwambia Mzee Theonest. Kwa hiyo sasa hivi mtoto anaendesha?

— Ndiyo, mama. Namuomba Mungu awe anaendesha.

— Na nyie wote mnampigia.

— Wote, nikasema kwa kujivuna kidogo. Zamu kwa zamu. Hapa kijiweni hatuachani.

— Sasa akipokea, usukani atamwachia nani?

Aliuliza kistaarabu tu, kama mtu anayeulizia njia. Akangoja. Stika akaangalia mstari wa suruali yake. Methali, mtu mwenye methali zote za Mtwara na Lindi, akakosa hata ya kupachika vibaya. Mama akatuaga, akaenda zake na kashata zake. Mie simu yangu ilikuwa bado sikioni, inaita. Nikaikata.

Hakuna aliyempokea mwenzake zamu. Nadhani huo ndio ulikuwa ukimya wa kwanza kwa simu ya Vaileth tangu tuanze kumpigia.

Ndipo simu ya Mzee Theonest ikaita. Jina: Vaileth. Aliitazama, akatutazama sie, akabonyeza. Akagusa na spika, sijui kwa kutaka au kwa bahati mbaya. Hakusema haloo.

— Umesimama?

— Shikamoo baba. Nimesimama. Nipo sheli, Tangi Bovu.

Mzee alifumba macho. Mkono wake mmoja ukashika ubao.

— Baba, bibi kafa?

— Nani kasema?

— Kuna namba sizijui zinanipigia, ikikata hii inaanza hii. Nikajua ni msiba. Nikageuka kuiangalia simu mara moja tu, kulikuwa na bodaboda mbele. Kidogo, baba. Kidogo tu.

— Umemgonga?

— Sijamgonga. Kapiga kofi kwenye boneti akanitukana. Ndo nikaingia sheli.

Kila mtu benchi akawa anaiangalia simu yake kama siyo yake. Ismail akaingiza ya kwake mfukoni mwa aproni.

— Bibi mzima, Mzee Theonest akasema. Hakuna msiba. Ni wazee wa hapa, walikuwa wanakusalimia.

— Wote hao?

— Wote.

Tukasikia pumzi yake, na mtu wa sheli akimwambia mtu mwingine asogeze gari.

— Baba, wanasema mbele kuna lori. Niendelee, au niliache gari hapa mje kunichukua?

Mie mdomo ulishafunguka, nimwambie akae hapo hapo, Turbo anakuja kulileta. Mzee Theonest akaninyooshea kiganja, nikaumeza.

— Wewe unaonaje, mama?

Sijui kama aliwahi kuulizwa hivyo na mtu tangu apewe leseni. Sie tulikuwa na majibu yake yote tangu alasiri, mpaka na mjeshi wa mninga.

— Naweza, akasema. Mikono ikitulia naanza. Ila simu nazima.

— Zima. Njoo taratibu.

Akakata. Kutoka Tangi Bovu mpaka kwetu ni foleni ya jioni, na Afrikana iko katikati. Ismail akauliza nani aongezewe, hakuna aliyetoa kikombe. Tukageukia lami wote. Zikapita Vitz, zikapita IST, ikapita Passo moja nyeupe iliyotushtua bure.

Mzee Theonest akajaribu kujizuia. Tulimwona. Mwishoni akaichukua simu, akapiga mara moja tu, akasikiliza yule dada wa kwenye mtandao anayesema namba haipatikani. Akaiweka chini kwenye ubao.

— Afadhali ilivyokuwa inaita, akasema.