Siku Shangazi Aliponiamuru Nitoe Ulimi

Ndugu zangu, mtanisamehe, maneno yangu mengine yanateleza. Zamani hayakuteleza, lakini nayapenda zaidi sasa. Mama yangu, pale kiti cha pili, ameniomba nianze kwa kumshukuru Mungu. Mama, namshukuru. Nyinyi wengine mnanijua: ndimi yule kijana niliyerudi kutoka chuo kikuu nikaanza kumuuliza mchungaji maswali katikati ya mahubiri.

Mwaka jana, tisini na nane, nikiwa na miaka ishirini na sita na nikifundisha sekondari hapahapa Gisenyi, kidonda kidogo kilitokea ubavuni mwa ulimi wangu. Jirani akasema nimetiliwa sumu kwenye bia. Nikamcheka. Mwingine akasema nikakatwe kilimi, kile kinyama cha kooni, kwa mganga. Nikamcheka zaidi. Mimi nilikuwa na maelezo ya kisomi: jino limevunjika, linanikwaruza. Nikang'oa jino, kidonda kikabaki. Nikapaka ile dawa ya zambarau, wanafunzi wakapata cha kuchekea, kidonda kikabaki. Saratani? Hiyo nilijua ni ya wazee wenye kiko. Nawaambia, nilimhoji kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe.

Miezi minne ikapita.

Shangazi yangu huvuka mpaka kila asubuhi kutoka Goma kuuza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, sokoni kwetu. Siku moja akanipa za kukaanga kama kawaida, akanitazama nikila. Akauliza mbona nimeacha pilipili, mbona natafuna upande mmoja. Nikaleta habari ya jino.

"Toa lulimi," akasema.

Jamani, mnajua kwetu. Mara ya mwisho kumtolea Shangazi ulimi nilikuwa na miaka mitano, na kofi lake naweza kuwaonyesha lilipotua. Nikamwambia mimi ni mwalimu, wanafunzi wangu wanapita hapa.

"Bon, mi nitakupiga mbele yao. Toa."

Nikautoa, katikati ya mabeseni ya samaki. Wauzaji wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Binti wa jirani yetu kule Goma alikuwa na ka kidonda kama haka," akasema. "Hakuvuta sigara hata siku moja. Tulimuzika na miaka makumi mbili na tatu."

Nikaweka samaki chini, nikamuuliza basi la Kigali huondoka saa ngapi. 

Kesho yake aliacha samaki wake, tukapanda basi. Barabara ya Kigali mnakumbuka ilivyokuwa wakati ule, mabasi yakishambuliwa njiani, lakini alikaa kando yangu mpaka hospitali. Wakakata kipande, wakapima: saratani. Wakaondoa sehemu ya ulimi, na tezi za shingo. Kovu ndilo hili. Wiki nzima niliongea kwa daftari, nikiamini darasa langu limekwisha.

Halafu Shangazi akaniletea supu ya sambaza zilizopondwa. Nikaonja, nikajikaza, nikasema: "Chumvi nyingi."

Akacheka, akalia, akawaambia wauguzi kwamba nimepona, ubishi umerudi.

Ndugu zangu, narudi darasani! Madaktari bado wananiangalia kila baada ya miezi michache, na hadi leo ulimi ni safi. Nawashukuru wao, na wauguzi walionifundisha kumeza upya, na Mama kwa maombi ambayo siyaelewi lakini niliyahitaji. Kidonda cha mdomo kikizidi wiki tatu, nenda hospitali, hata kama jana tu umetimiza miaka ishirini.

Sasa kila mtu amgeukie jirani yake, atoe ulimi. Mchungaji, na wewe. Shangazi yuko pale mlangoni, anapita kukagua.