Mpaka Taa Ziwashwe

Mimi kahawa naiuza tu, sinywi. Ndiyo maana kwenye benchi hili mwenye akili timamu ni mimi peke yangu. Benchi lenyewe limeegemea ukuta wa chumba cha Mhariri, yule aliyeandika habari za filamu maisha yake yote na kulichapa gazeti lake mwenyewe humo humo ndani, mpaka kahawa yangu ikazoea kunuka wino. Sasa macho yamemwishia, na tangu juzi hainuki kitandani. Gazeti lake la mwisho liko tayari, umebaki ukurasa wa mbele tu. Kwa hiyo jana aliwatuma watu wa benchi wakamwangalizie filamu mpya: Kinyozi, Spana fundi magari, na Mama Cherehani anayeshona pale kona. Asubuhi hii wanatakiwa waingie wakamsimulie ilivyoisha, aseme lake, binti yake aandike. Hawajaingia. Wanabishana.

— Yule binti wa kwenye filamu alirudi kwa mama yake, alisema Kinyozi. Mama ameacha mlango wazi miaka yote ile, angekosaje kurudi? Wakakumbatiana, kwisha.

— Thubutu! Spana akaweka kikombe chini. Binti alishakufa zamani. Yule wa kwenye treni ni pacha wake.

— Pacha katokea wapi?

— Ndiyo ufundi wenyewe huo! Hawakuonyeshi.

— Nyie wanaume mna macho ya urembo, alisema Mama Cherehani. Hamkuona gauni? La mama na la binti, mshono mmoja. Binti hayupo, jamani. Mama anajingoja mwenyewe.

— Lahaula! Anajingoja mwenyewe, halafu mlango anamwachia nani?

Nikawaambia washushe sauti, kuna mgonjwa. Wakashusha, dakika moja.

— Mkumbuke tunapeleka kwa nani, alisema Kinyozi. Yule alianza kazi kwa kubandika mabango ya sinema. Bango zuri, gundi mbichi, halafu chini anaandika kwa mkono wake: *Hii msiende, mtasinzia.*

— Wakamfukuza siku hiyo hiyo!

— Wakamfukuza, akafungua gazeti. Ukimwongopea huyo atakujua kabla hujamaliza kusalimia.

— Na yule mwenye filamu aliyekuja hapa kumpiga? Spana akaanza kucheka. Kaja na fimbo!

Hiyo niliiona mwenyewe. Mhariri alimkalisha hapa kwenye benchi, akamwagizia kahawa, akamsomea yote aliyoandika, neno kwa neno. Jamaa akafika mahali akasema, “Hapo umenionea,” akafika pengine akakubali kwa kichwa. Alipoondoka alisahau fimbo. Ndiyo hiyo naegemezea mwavuli wangu.

— Mimi alinigombeza mara moja tu, alisema Mama Cherehani taratibu. Nilinyanyuka filamu haijaisha vizuri. Akanishika gauni. “Dada, watu wamefanya kazi, majina yao yanapita, wewe unatafuta viatu? Kaa mpaka taa ziwashwe.”

Wote watatu wakaangalia vikombe vyao.

Mlango ukafunguliwa, akatoka binti yake Mhariri. Macho yake mekundu, lakini anatabasamu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu. Baba kaamkaje?

— Anawasikia, ukuta wenyewe huu. Kwa habari ya pacha amecheka mpaka akakohoa. Anauliza kitu kimoja tu: taa zilipowashwa, ule mlango ulikuwa wazi au umefungwa?

Kinyozi akajikuna kidevu. Spana akamtazama Kinyozi. Mama Cherehani akamtazama Spana.

— Mimi nilitoka kidogo, alisema Kinyozi. Ile treni ilinitoa machozi, nikaona aibu.

— Mimi nilimfuata nimtulize, alisema Spana. Ningemwacha mwenzangu analia barabarani?

— Mimi niliona wanaume wamenyanyuka, nikajua imeisha. Mama Cherehani akajifuta uso kwa kanga. Jamani, tumemfanyia nini yule baba!

Nikamuuliza binti, pembeni, daktari anasemaje. Akatikisa kichwa. Nilimpenda yule mzee, sioni haya kusema.

Ndipo tukasikia sauti yake ukutani, nyembamba lakini yake.

— Si kuna onyesho la mchana?

Kinyozi alikuwa wa kwanza kusimama.

— Mwambie baba atungoje, mwanetu. Safari hii hanyanyuki mtu.

— Atawangoja, alisema binti. Ameniambia mlango nisiufunge.

Akauacha wazi, akarudi ndani. Birika lilikuwa bado na kahawa ya watu kumi. Nikaimwaga, nikazima moto, nikaenda nao.