Viti Viwili Mbele ya Skrini Moja

Wafiwa wenzangu, majirani, mliofanya kazi na marehemu, na ninyi mliosimama huko nyuma juani kwa kukosa nafasi, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi friji, na nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Viti Viwili. Naomba mnivumilie, kwa sababu nimeletewa historia mbili, moja imeandikwa na mwanawe wa kiume na nyingine na binti yake, na wawili hao, kama mnavyoona, mmoja amekaa kulia kwa jeneza na mwingine kushoto, hawajasemezana tangu Jumanne.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa kwanza wa baba mpaka rangi na mama mshonaji, na hapo karatasi zote mbili zinakubaliana. Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya wasichana, ambako alisifika kwa hesabu na kwa ubishi, akahitimu chuo kikuu tarehe 20 Novemba 1992, na sifa zote mbili akatoka nazo. Tarehe 3 Juni 1995 alifunga ndoa na mwalimu wa jiografia, mtu mpole aliyependa kusema kwamba nyumbani kwake anashinda ubishi pale tu mkewe anapokuwa amelala, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1997 na wa kike mwaka 2000, na shemeji yangu huyo akatutoka tarehe 11 Februari 2013.

Mwaka 2006 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza programu za kompyuta za hospitali, na kazi iliyompa jina nitaieleza kama alivyonieleza mimi, ninayeijua kompyuta kwa kuipangusa vumbi. Watengenezaji wengi huandika ndani ya faili moja, kila mmoja kwenye nakala yake, kisha nakala huunganishwa, na ikitokea wawili wamebadilisha mstari uleule, kompyuta hukataa kuchagua, huiweka mistari yote miwili, mmoja juu na mwingine chini, ikasubiri binadamu aamue. Mwenye haraka hubonyeza mara moja tu, wake ukabaki na wa mwenzake ukafutika, wala hakuna kelele inayosikika. Dada ndiye aliyeitwa hapo, naye hakuamua, alivuta viti viwili mbele ya skrini moja, akawakalisha, na kila mmoja ilimpasa ausome mstari wa mwenzake kwa sauti na kueleza uliwekwa kwa sababu gani, mpaka mwenye mstari akiri kwamba ndiyo, ni hivyo, na kabla ya hapo ole wake atakayegusa kitufe.

Mkuu wake wa kazi, ambaye tuko naye, ameniruhusu nisimulie ya tarehe 17 Mei 2018, siku ambayo programu ya kukokotoa dozi za watoto ilitakiwa hospitalini kabla ya saa kumi, wauguzi wanapiga simu, na yeye mwenyewe anazunguka nyuma ya viti akimwambia dada, mama, chagua wowote, tunaumbuka. Kijana mmoja alikuwa amerekebisha uzito wa mtoto usomwe kwa kilo badala ya gramu, na mwenzake, kwenye mstari huohuo, ameweka kikomo ambacho dozi haiwezi kukivuka, kwa hiyo ukichukua wa kwanza kikomo kinapotea, na ukichukua wa pili uzito unakosewa. Dada hakuinua hata macho, akawaambia wasome, wakasoma jasho likiwatoka, na saa kumi ikapita wakiwa bado wanasoma. Walitoka na mstari wa tatu, ambao hakuna kati yao aliyekuwa ameufikiria, mkuu akala matusi yake kwenye simu, na hakuna mtoto aliyedhurika.

Tarehe 22 Januari mwaka huu aligundulika kuwa na uvimbe kwenye ini, na madaktari walituambia bila kutuficha kwamba upasuaji unaweza kumponya na unaweza kumwondoa. Hapa ndipo karatasi zinapogongana. Ya mwanawe inasema mama alitaka kupasuliwa, kwamba alimwambia hivyo Jumatatu ya wiki iliyopita akiwa amemshika mkono, na ya binti yake inasema mama alitaka kurudi kulala kwenye kitanda chake, kwamba alimwambia hivyo Ijumaa iliyofuata. Jumapili alipoteza fahamu, mwanawe akiwa wodini peke yake na binti bado yuko njiani, akawaambia madaktari wapasue, na alfajiri ya Jumanne dada akafariki palepale hospitalini.

Jana kila mmoja alinifuata kwa wakati wake, akaniomba nisome yake na nifute ya mwenzake. Jirani mmoja akanikumbusha kwamba ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, lakini mimi ninawazika wazazi wa hawa wawili mmoja baada ya mwingine, na jembe langu nimeliweka chini. Ninawaamini wote wawili, maana dada yangu aliweza kutaka mambo mawili, na nina uchungu nao wote wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana hadi mwisho, wafanyakazi wenzake ambao hawakumwacha mgonjwa wodini bila mtu, na majirani waliotuletea viti tangu siku ya kwanza, vikiwemo hivi viwili vilivyo mbele yangu, ambavyo nimewakataza watu kuvikalia.

Wapwa zangu, mstari wa siku za mwisho za mama yenu sijauandika. Kila mmoja atasoma wa mwenzake, kwa sauti, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndiyo, ni hivyo, na ukipatikana wa tatu nitauandika, usipopatikana itabaki yote miwili, lakini kufuta sifuti, na jeneza halitashushwa kabla hamjasoma.

Dada, pumzika kwa amani. Nanyi wanangu, njooni mkae.